Kelele Asiyoisikia Sikio

Mume wangu anaitwa Sikio. Jina alilopewa na baba yake limo kwenye vyeti, vyeti vimo kwenye sanduku, na sanduku liko juu ya kabati. Mtaani ukimuulizia kwa jina hilo utaambiwa umepotea. Uliza Sikio, fundi wa mashine za kusaga nafaka, nawe utaletwa hadi mlangoni kwangu.

Jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa akiitwa kwenye mashine inayosumbua, anasimama kizingitini, haingii, anainamisha kichwa kidogo kama kuku aliyeshtukia jambo, halafu anasema: beringi ya nyuma, ya kushoto, haimalizi wiki. Na kweli wiki haiishi. Miaka thelathini na moja aliifanya kazi hiyo katikati ya mngurumo na vumbi la unga, na hata siku moja hakuziba masikio. Nikimshauri aweke pamba, ananiuliza ni fundi gani anayefungia vifaa vyake kabatini saa za kazi.

Mimi nasoma. Nasoma vitabu kwa sauti, narekodi, napeleka kwenye maktaba ya kusikiliza ya shule ya wasioona. Ni vitabu vya darasani hasa, na siku mbaya huwa vya hesabu. Kusoma hesabu kwa sauti ni adhabu ambayo simtakii hata mtu aliyeniibia. Studio yangu ni chumba cha nyuma. Godoro nimelisimamisha dirishani, mablanketi mawili yananing'inia kwenye kamba, na mimi katikati nimekaa kwenye kigoda kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Watu hudhani kazi hii inataka sauti nzuri. Inataka kimya.

Na kila sura, kabla haijaenda maktaba, ilikuwa lazima aisikie Sikio. Tangu kitabu cha kwanza alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kichwa upande, nikimfungulia nilichorekodi. Zamani alikuwa ananichambua bila huruma: hapa umemeza neno, hapa ulikuwa na njaa, hapa umesoma kama mtu anayegombana na jirani. Siku za karibuni alikuwa amelainika. Alikuwa anasema "nzuri" tu, na mimi nikaamini kwamba hatimaye nimejifunza kusoma.

Kompyuta yangu ya zamani ilipokata roho, Sikio alisema nimwachie yeye. Alikuwa amestaafu miezi michache nyuma na alikuwa na akiba kidogo, na mikono yake ilikuwa inawashwa kwa kukosa kazi. Akaja Ijumaa mchana na boksi mikononi, anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Kabla ya kulifungua ilibidi nisikilize hadithi ya dukani. Alikuwa amewaomba wateja wote wanyamaze. Akamtaka mwenye duka awashe kompyuta saba, moja baada ya nyingine, na kwenye kila moja akainama akatega sikio huku watu wamesimama kumtazama. Sita alizikataa, zilikuwa zinanguruma chini kwa chini. Ya saba, alisema, ilikuwa haipumui hata kidogo. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye nguvu ya kufanya mambo kumi ambayo sikuyahitaji, na aliilipia bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo si la kawaida yake.

Kiswahili sanifu kinaiita kompyuta mpakato, yaani ya kupakatwa. Basi nikaipakata. Kwa dakika chache ilikuwa tulivu kama mtoto aliyeshiba. Kisha ikaanza kulia. Haikuwa ngurumo, ulikuwa mluzi mwembamba, mkali, usiokata, kama mbu aliyeingia kwenye bomba. Ulinichoma kwenye meno. Nikamtazama Sikio, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake hatua mbili kutoka kwangu, macho yanamng'aa.

"Wewe unasikia nini?" nikamuuliza.

"Hakuna," alisema. "Ndiyo maana nimeinunua."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilitabasamu, nikasema asante, nikamwambia imetulia kweli. Halafu nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikasimama mbele ya jiko, na mambo ya mwaka mzima yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Binti yetu akipiga simu, Sikio humsalimia kwa bashasha, na baada ya nusu dakika ananipa simu akilaumu mtandao. Mjukuu wetu, mwenye sauti kama filimbi, akimnong'oneza babu siri zake, babu hucheka na kumshika kichwa, lakini hajibu. Watu wa siku hizi, alikuwa akisema, wanaongea kama wamejaza maji mdomoni. Mimi nilidhani ni ukaidi. Nilikuwa nikimwambia sikio la kufa halisikii dawa, tunacheka wote wawili kwa sababu ya jina lake, na siku ile methali ilinigeukia nikashindwa kunywa chai yangu.

Shida yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kwenye risiti iliandikwa kwamba bidhaa inaweza kurudishwa ndani ya siku saba. Kitabu cha biolojia kilitakiwa maktaba baada ya siku kumi, Jumatatu, kwa sababu wanafunzi walikuwa karibu na mtihani. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia mume wangu kwamba kompyuta inapiga kelele. Lakini nikimwambia hivyo, nitakuwa nimemwambia kwamba yeye si Sikio tena, na sikuona mtu huyo ataitwa nani.

Basi nikafanya kama wafanyavyo wake wenye mapenzi na akili chache: nikadanganya. Jumapili niliiwekea mto juu. Ikapata joto, na ilipopata joto ikazidi kupiga mluzi. Jumatatu nikatafuta waya mrefu wa maikrofoni, nikaipeleka kompyuta stoo, nikaifunika blanketi na juu yake beseni la kufulia. Nilisoma sura ya tatu nzima nikiisikia kwa mbali inalalamika chini ya beseni. Nikaipeleka sura hivyo hivyo, nikijiambia hakuna atakayegundua.

Mkutubi wa ile maktaba haoni tangu utotoni, na masikio yake yangeweza kumpa kazi mume wangu. Alinipigia kabla ya saa sita. "Dada," alisema, "sura ya tatu ina mbu." Nikamwambia ni kijisauti kidogo tu, pengine kitapita. Hakukasirika. Alinieleza kwa upole kwamba mtu anayeona, ukimpa ukurasa wenye doa la chai, ataliruka doa aendelee mbele, lakini wanafunzi wake hawana pa kurukia. Niliona aibu hadi kwenye nyayo.

Jumanne nikajaribu njia nyingine. Nilimwambia Sikio kompyuta ni nzuri sana ila ni nzito, inaniumiza mapaja, labda tungeibadilisha na ndogo. Alinisikiliza, yaani alinitazama midomo, sasa najua, akatikisa kichwa kwa huruma, akatoka na msumeno. Kufikia jioni alikuwa ameniundia kimeza cha mbao chenye miguu ya kukunja, kingo zake amezipiga msasa zikawa laini kama sabuni. Nilikikumbatia kile kimeza kwa uchungu. Ningependa kumwona mwanamke mwingine akijaribu kumdanganya mtu wa namna hiyo.

Jumatano aliwahi kurudi. Alikuwa ameenda kumsalimia rafiki yake na hakumkuta, na mimi nilikuwa studio nasoma, sikusikia mlango. Nilipotoka nilimkuta stoo amepiga magoti. Beseni ameliweka pembeni, blanketi amelikunja vizuri kama kawaida yake, na kompyuta iko mbele yake sakafuni imewaka.

Kompyuta mpya haiwekwi chini ya beseni bila sababu, na Sikio si mtu wa kuuliza kabla hajakagua. Fundi wa mashine za kusaga ana njia yake ya mwisho, pale mngurumo unapozidi na sikio likashindwa kuuchambua. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, na mpini anauma kwa meno, ili mtetemo umpandie kwenye taya. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi kwenye mashine kubwa kama chumba. Sasa alikuwa anafanya hivyo kwenye kompyuta yangu, macho amefumba, na mimi nimesimama mlangoni. Nikaliokota beseni, ili mikono iwe na kazi.

"Feni yake haijakaa sawa," alisema mwishowe. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwa shati. "Inapiga kelele?"

"Inapiga."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana. Angeniamini. "Tangu Ijumaa," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale."

"Ulikuwa umekaa pale."

Alibaki amepiga magoti. Kisha akaanza kusema, anaongea na ile kompyuta zaidi kuliko mimi. Alisema hakustaafu kwa sababu ya umri. Mwaka jana alisimama kizingitini pa mashine moja, akatega, akawaambia nzima, endeleeni kusaga. Kesho yake beringi ikavunjika na mkanda ukakatika. Hakuumia mtu, na mwenye mashine alicheka tu akasema hata mzee hukosea. Lakini yeye alijua hakukosea: alikuwa hajasikia kitu. Akawarudishia wenye mashine funguo zao, akatangaza kwamba sasa anawaachia vijana.

"Na vitabu vyako," akasema. "Vya mwaka huu. Sijasikia hata kimoja."

Nikamkumbusha kwamba kila sura aliniambia ni nzuri.

"Nilikuwa nakuangalia uso. Ukiwa umeridhika, nasema nzuri."

Nilimpiga begani na lile beseni. Si kwa nguvu, lakini nilimpiga, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa najiona bingwa wa kusoma kumbe nilikuwa najisahihisha mwenyewe kwa uso wangu mwenyewe. Halafu nikakaa chini kando yake nikalia. Nilimlilia yeye, na nikalilia zile siku zote alizokuja kukaa kwenye mkeka mbele ya sauti asiyoisikia, ili nisikose mtu wa kunisikiliza. Yeye hakulia. Aliendelea kunipangusa kwa pembe ya blanketi, akinisihi nipunguze, maana majirani wanasikia.

Alhamisi tukaenda dukani pamoja. Mwenye duka ni mama wa makamo anayevaa miwani kwa kamba shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza mimi, nimetunga hadi uongo mmoja mzuri, lakini Sikio alinitangulia. Alimwamkia, akamwambia kwamba yule mzee aliyewanyamazisha wateja wote ndiye yeye, na kwamba kompyuta inapiga mluzi na masikio yake yamemwangusha. Yule mama akainamisha macho. Akakiri kwamba mluzi aliusikia siku ile ile, alitaka kusema, lakini mzee alikuwa na uhakika mno akaona haya kumkatiza mbele ya watu. Hapo niliona sikuwa peke yangu katika dhambi yangu.

Ataipokea, alisema, ila boksi limeshafunguliwa na haitauzika tena kama mpya, kwa hiyo hawezi kuihesabu kwa bei ile ile. Kwa hesabu yake, tulibaki na rafu ya chini, ya kompyuta za bei nafuu na zilizotumika. Nikanung'unika kwamba rahisi ghali. Sikio akanikanyaga mguu taratibu, akauliza kama tunaruhusiwa kuzikagua kwa namna yetu.

Namna yetu tuliibuni pale pale. Yeye anaweka kiganja juu ya kompyuta, mimi natega sikio. Ya kwanza hata sikuwahi kuinama. Aliutoa mkono akasema hii inatetemeka kama ina homa. Ya pili aliipenda, kiganja chake hakikukuta kitu, lakini mimi nilisikia kijisauti cha umeme ndani yake, chembamba kama uzi. Nikaikataa. Alifungua mdomo abishe, akaufunga. Kwa mume wangu, hilo ni tukio la kuandikwa.

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alishindwa kuvumilia, akamuuliza mzee anasikia nini kwa mkono.

"Kwani wewe njaa unaisikia kwa sikio?" Sikio akamjibu.

Yule mtu akacheka, mwenye duka akacheka, na mimi nikamtazama mume wangu kama niliyemwona kwa mara ya kwanza. Njaa tunaisikia. Baridi tunaisikia, harufu tunaisikia, hata uchungu tunausikia, na mimi msomaji wa vitabu sikuwahi kulifikiria neno hilo.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, iliyotumika, kifuniko kina mikwaruzo na herufi tatu zimefutika kwenye vibonye. Sikio aliweka kiganja, akangoja, akakihamisha, akangoja tena. "Hii imekufa," alisema. Mwenye duka akaigeuza tuone: ilikuwa imewaka muda wote. Haina feni kabisa, alitueleza. Nguvu yake ni ndogo, haipati joto, hivyo hakuna cha kupoozwa. Lakini asitudanganye: haifai kwa michezo, wala kwa mambo mengi kwa mpigo. Ukiipa jambo moja, italifanya. Sikio alisema hata yeye yuko hivyo hivyo, na amedumu.

Nikainama nikatega sikio kwenye vibonye. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu. Sikusikia kitu isipokuwa pumzi ya Sikio, aliyekuwa ameinama karibu nami anangoja hukumu.

Tukaichukua. Kiasi kidogo cha pesa kilichobaki tukakubaliana, baada ya mabishano ya njia nzima, kwamba ni cha daktari wa masikio. Alikubali kwa sharti kwamba nisimweleze daktari jina lake la mtaani.

Alasiri hiyo niliirudia sura ya tatu. Kompyuta ilikaa juu ya kimeza chake, kinachoitosha na nafasi ikabaki, na ndani ya mablanketi mlikuwa na kimya ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilipoanza sura ya nne blanketi likafunuliwa. Sikio alikuwa ameshika kigoda cha jikoni. Aliuliza kwa ishara kama anaweza kuingia, nikasogea pembeni, akakaa nyuma yangu, akaweka kiganja chake katikati ya mgongo wangu, chini kidogo ya mabega.

"Soma," alisema.

Sura ya nne inahusu mmeng'enyo wa chakula. Nilisoma habari za utumbo mwembamba kwa mapenzi ambayo utumbo mwembamba haujapata kusomewa. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto, haukusogea. Nilipomaliza aliniambia kwamba kila nikifika kwenye nukta mgongo unatulia, na nikiwa na swali unapanda. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, akanichambua: pale katikati, kabla ya mwisho wa ukurasa, nilikimbia.

Nikarudia kusikiliza. Palikuwa kwenye kongosho, na kweli nilikuwa nimekimbia. Nikaisoma upya aya ile na yeye akaukubali mgongo wangu.

Kitabu kilifika maktaba Jumatatu. Jumanne asubuhi, tukiwa mezani, mkutubi akapiga simu. Alinipongeza, akasema mbu ameondoka na sura ya tatu imekuwa safi. Halafu akasita.

"Lakini sura ya nne, dada, kuna mtu anapumua."

Nikaona haya. Nilimwambia ni mume wangu, anisamehe, nitairudia leo leo na kuileta kabla ya jioni.

"Anafanya nini hapo?" akauliza.

Nilimtazama Sikio. Alikuwa anapaka siagi mkate wake, hajui kwamba anazungumzwa, na mkono wa pili ameulaza juu ya meza karibu na wangu.

"Anasikiliza," nikasema.

"Basi usiirudie," alisema mkutubi. "Wanafunzi wangu nao hupumua hivyo hivyo."